Mwambao wa Kivu kwa Gari: Panga kwa Saa za Mwanga

Busanza iko Kanombe, wilayani Kicukiro, jirani na uwanja wa ndege wa Kigali, na hilo peke yake linaifanya kuwa mahali pa kuanzia safari. Ndugu anayetoka Dar es Salaam, Muscat au Brussels hushukia hapo, gari la kukodi halitafutwi mbali, na kesho yake nyumba nzima inaulizana mgeni apelekwe wapi. Jibu linalokuja upesi ni Kivu. Ramani ya simu inaonyesha kwamba kutoka jijini hadi Rubavu ni kilomita kama 155, hadi Karongi kama 135, na kwamba miji hiyo miwili imeunganishwa na barabara ya lami inayofuata ziwa mpaka Rusizi, kusini kabisa mwa mwambao. Hapo ndipo mpango unapoharibika. Mtu anajumlisha kilomita, anaona mzunguko mzima wa Kigali, Musanze, Rubavu, Karongi, Rusizi, msitu wa Nyungwe, Huye na kurudi nyumbani unafika kilomita 600 na ushei, anazigawa kwa mwendo anaoujua, kisha anatangaza kwamba siku 3 zinatosha. Hoja yangu ni kwamba hesabu hiyo inapotosha hata kama kila tarakimu ndani yake ni sahihi. Anayetaka kuuona mwambao huu akiwa mwenyewe kwenye usukani aanze kwa kuchagua mahali pa kulala na kuhesabu saa za mwanga wa jua. Kilomita zitafuata.

Sababu ya kwanza imo ardhini. Ziwa Kivu, kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini, lina urefu wa kilomita kama 90 tu. Barabara ya kutoka Rubavu hadi Rusizi inapita kilomita 200. Tofauti hiyo imetokana na historia ya ziwa lenyewe. Zamani za kale maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Nili. Volkano za Virunga zilipoinuka zikaziba njia, maji yakajaa nyuma ya ukuta huo wa lava, yakapanda ndani ya mabonde ya mito mpaka yakapata mlango mpya kusini, kupitia mto Ruzizi kwenda Tanganyika. Mabonde yaliyozama ndiyo ghuba za leo, na vilima vilivyobaki juu ya maji ndivyo rasi na visiwa. Mwambao wote umechanika kama vidole vya mkono uliotandazwa, na barabara haina budi kuzunguka kila kidole: inapanda mgongo wa kilima, inashuka hadi kijito, inavuka daraja, inapanda tena. Uso wa ziwa uko mita kama 1,460 juu ya usawa wa bahari, na nyuma yake imesimama milima inayogawa maji ya Kongo na ya Nili, ambayo pengine hupita mita 2,500. Kati ya maji na milima hiyo hakuna uwanda wa kunyoosha barabara.

Msomaji aliyezoea pwani ya bahari atapotoshwa na uzoefu wake. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita kama 120, na ukishaivuka foleni ya Mtwapa ardhi ni tambarare na barabara inakwenda. Rubavu hadi Karongi ni kama kilomita 100, lakini dereva makini ahesabu saa 3. Karongi hadi Rusizi ni zaidi kidogo ya hapo, tena kona zake hazipungui. Ahesabu saa 3 na nusu. Kigali hadi Rubavu kupitia Musanze huchukua saa 3 na nusu kwa mtu asiyekimbizana, na kurudi kutoka Rusizi kupitia Nyungwe na Huye huchukua saa 5 au 6. Hizo ni saa zipatazo 15 au 16 za kushika usukani, kabla ya mafuta, chakula, mtoto anayetapika kwenye kona na lori lililokwama. Zigawe kwa siku 3: kila siku zaidi ya saa 5 ndani ya gari. Nchi hii iko karibu mno na ikweta, hivyo mwaka mzima jua huchomoza karibu na saa 12 asubuhi na kuzama karibu na saa 12 jioni, na mgeni wa Tanzania au Kenya akumbuke kurudisha saa yake nyuma kwa saa moja akivuka mpaka. Katika saa 12 za mwanga, ukitoa 5 za barabarani na zile za kula, kufungasha na kutafuta hoteli, ziwa linabakiwa na dakika za kupiga picha kando ya barabara.

Tena saa hizo za mwanga hazilingani kwa thamani. Ziwa liko magharibi mwa barabara. Asubuhi jua linatoka nyuma ya milima, upande wa mgongo wako, na kuangaza maji, visiwa na mashamba ya chai bila kukuumiza macho. Alasiri jua hilo hilo linashuka upande wa ziwa, na kila kona inayoelekea magharibi inampiga dereva usoni. Katika miezi ya mvua, mvua kubwa hupenda kunyesha baada ya adhuhuri. Jioni, barabara zinajaa watu wanaotoka sokoni, shuleni na mashambani. Kwa hiyo muda mzuri wa kuendesha ni kuanzia saa 12 na nusu asubuhi mpaka karibu saa 5, na muda uliobaki ni wa kuwa mahali fulani. Ukiukubali mpango huo, mwendo wa siku unakuwa saa 3 au 4, ambazo ndizo hasa zinazotenganisha mji mmoja wa mwambao na mwingine. Kijiografia, vituo vya kulala vimeshapangwa. Sisi ndio tunaovipita.

Kinachopotea kwa kuvipita kinaonekana vizuri zaidi jioni. Karibu na machweo, kutoka kwenye ghuba za Karongi na Rubavu, wavuvi wa sambaza huingia ziwani na mitumbwi 3 iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, nyavu zikining'inia katikati na taa zikiwa tayari. Hupiga kasia kwa pamoja huku wakiimba, na wimbo wao husikika nchi kavu kabla hujawaona. Kwa mgeni wa Kigoma samaki hao ni kama jamaa: ni aina mojawapo ya dagaa wa Tanganyika, waliopandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ndio riziki kubwa ya wavuvi wa ziwa hili. Usiku kucha taa zinaelea mbali, na alfajiri mitumbwi inarudi. Jambo hilo hutokea katika saa zile zile ambazo mtu wa mzunguko wa siku 3 ama yuko kwenye kona akitafuta hoteli, ama anafunga mizigo awahi kuondoka. Atarudi Busanza akisema ameuona mwambao, na kweli ameuona, kwenye kioo cha gari.

Karongi, ambayo wengi bado wanaiita Kibuye, ndiyo mahali panapostahili usiku wa pili bila mjadala. Asubuhi moja inamezwa na visiwa: boti ya kukodi hukupeleka hadi kisiwa kinachoitwa Napoleon kwa sababu ya umbo la kofia yake, ambako popo kwa maelfu hulala mchana mitini. Ukiwa majini unaweza kuona kwa mbali mtambo unaovuta maji ya kilindini ili kutenga gesi ya methani. Kivu lina kina cha karibu mita 480, na chini yake imeyeyuka methani nyingi pamoja na kaboni dioksidi. Kituo cha KivuWatt kinazalisha megawati 26 kwa gesi hiyo tangu mwisho wa 2015. Huku juu ya mji kuna kanisa la Kibuye, ambako maelfu ya Watutsi waliuawa Aprili 1994, na milimani kuna Bisesero, ambako watu walijihami kwa mawe na mikuki kwa wiki nyingi dhidi ya wauaji wao. Bisesero ni mojawapo ya kumbukumbu 4 za mauaji ya kimbari za Rwanda zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2023. Mahali kama hapo hapafai kuwa kituo cha nusu saa kati ya chakula cha mchana na safari ya jioni. Nasema hivi kwa uzito: kuliko kumpitisha mgeni Bisesero mbio mbio, ni afadhali kutompeleka. Na kwa sababu hiyo hiyo safari ya starehe isipangwe katika wiki ya kuanzia tarehe 7 Aprili, wakati nchi nzima iko katika maombolezo.

Somo hili la kutoupita mwambao mbio mbio, Italia ya kusini imelipitia kabla yetu, na kwa gharama kubwa. Barabara ya mwambao wa Amalfi, ile inayojulikana kwa namba SS163, ina urefu wa kilomita kama 50 tu, imechongwa kwenye miamba juu ya bahari katika karne ya 19 kwa ajili ya mikokoteni, na leo inabeba mabasi ya watalii na magari ya kukodi ya dunia nzima. Msongamano umefikia mahali ambapo tangu 2022, katika siku za msimu wa wageni, magari yenye namba shufwa na yenye namba witiri hupokezana siku za kuingia kati ya saa 4 asubuhi na saa 12 jioni. Wenyeji wanasamehewa, mgeni asiyejua anapigwa faini. Waandishi wa safari wenye busara huwashauri watu wachague mji mmoja, waegeshe gari, na waende kwa miguu, kwa boti au kwa basi la kawaida. Sheria ilikuja baada ya barabara kushindwa kubeba pupa ya wageni wanaotaka kuona kila kitu kwa siku moja. Kivu bado haijafika huko, barabara yake ni pana na mpya zaidi, imekamilika katika muongo uliopita tu, lakini umbile la nchi ni lile lile: mlima upande mmoja, maji upande wa pili, na njia moja katikati.

Kuna jambo jingine tunaloshirikiana na Italia, nalo ni dogo lakini linaamua mwelekeo wa safari. Rwanda, kama Italia, huendesha upande wa kulia. Anayekwenda kusini kutoka Rubavu anakuwa na ziwa mkono wake wa kulia, kwenye upande wake mwenyewe wa barabara. Akiona mahali pa kusimama anaingia tu pembeni bila kukata njia ya magari yanayokuja, na akitaka kuondoka hahitaji kusubiri pande mbili. Ndiyo sababu napendelea kuanza na Rubavu na kumalizia Karongi, sawa na wanaoshauri, huko Amalfi, kuanza Sorrento na kuelekea Salerno. Abiria mwenye hofu ya bonde atalalamika, kwa kuwa bonde litakuwa chini ya dirisha lake, na kwa familia yenye mtu wa namna hiyo safari ifanywe kinyume. Ama anayekuja na gari lake kutoka Kampala, Bukoba au Nairobi, usukani wake uko kulia, hivyo hawezi kuona mbele ya lori bila kutoa nusu ya gari nje. Huyo asilipite lori kwenye kona hata kama limembana kwa robo saa. Awe pia na kadi ya njano ya bima ya COMESA, ambayo askari wa barabarani ataiulizia.

Pingamizi la kwanza nitakalosikia ni kwamba lami ni nzuri. Ni kweli, na Rwanda inastahili sifa kwa barabara zake. Lakini lami nzuri hainyooshi kona, wala haiongezi mwendo unaoruhusiwa. Nje ya miji kikomo ni kilomita 80 kwa saa, penye makazi vibao vinashusha hadi 60 au 40, na kando ya barabara za nchi hii makazi hayakatiki. Kamera za mwendokasi, ambazo Wanyarwanda wamezipa jina la Sofia, ziko pale unapodhani hazipo. Ujumbe wa faini unakwenda kwa mwenye gari, na kwa gari la kukodi bili itakufuata. Zaidi ya kamera, barabara ile ni ya watu. Tazama mteremko wa kutoka Mukamira kuingia Rubavu: baiskeli inashuka na magunia mawili ya viazi, mwenyewe akiwa amekaa juu ya fremu, kisigino kikiwa tayari kusaidia breki, huku upande wa pili vijana wenye baiskeli tupu wameshikilia nyuma ya lori linalopanda. Gari lako liko kati yao. Njia ya kushuka hapo ni kuingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, gia 2 au 3 kwa gari la kawaida, na kwa lile linalojibadilisha lenyewe kuitoa D na kuiweka kwenye L au 2, ili injini ndiyo ishike gari na breki ziguswe mara moja moja. Anayekanyaga breki mfululizo atasikia harufu ya kuungua kabla ya kuliona ziwa, na harufu hiyo ni amri ya kusimama na kusubiri zipoe. Hakuna lami inayomwondolea dereva kazi hii, na kazi hii haiendi pamoja na haraka.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nalo ni la mtu mwenye likizo fupi. Mwalimu, muuguzi au mfanyakazi wa duka anaweza kupata siku 3 au 4 kwa mwaka za kutembea na familia, na ananiuliza kwa haki kwa nini asione kila kitu mara moja. Simwambii asubiri siku zipatikane. Namwambia akate mzunguko katikati. Busanza, Musanze, Rubavu, Karongi, Muhanga, Busanza: hizo ni kilomita kama 400 na saa kama 10 za kuendesha, ambazo kwa siku 4 ni saa 3 kila siku ya kusafiri na siku nzima moja ya kutogusa ufunguo. Siku ya kwanza aondoke kabla ya saa 12 asubuhi, kwa maana kutoka Kanombe lazima ulikate jiji zima hadi Nyabugogo ndipo upate barabara ya magharibi, na ukichelewa, kupanda Shyorongi nyuma ya malori kutakula saa nzima. Alale Rubavu usiku mmoja, Karongi usiku wa pili na wa tatu. Kusini yote, yaani kahawa ya Nyamasheke, Rusizi na msitu wa Nyungwe, aiache kwa mwaka mwingine. Nyungwe nayo iliingia katika urithi wa dunia mwaka 2023, ina daraja la kutembelea juu ya vilele vya miti pale Uwinka, ina sokwe na mbega. Inataka siku zake yenyewe. Mtu anayepita msituni humo saa 10 jioni akiwahi Huye kabla ya giza hataona ila ukungu na lami.

Wengine watasema: basi, kwa nini kujisumbua na usukani? Kuna mabasi yanayofika miji yote hii, kuna madereva wa kukodi, kuna boti ziwani. Sina ugomvi nao. Kwa msafiri aliye peke yake basi ni nafuu, na dereva mwenyeji anajua kila tuta. Lakini hata dereva wa kukodi huchoka, na mpango mbaya haugeuki mzuri kwa kubadilisha anayeendesha. Faida ya pekee ya gari lako ni uhuru wa kusimama: kwenye mashamba ya chai ya Pfunda, kwenye chemchemi za maji moto za Nyamyumba, kwenye njia panda ya kuelekea msitu wa Gishwati, sokoni ambako mama anauza sambaza wa kukaanga na anaweza kukujibu kwa Kiswahili, maana biashara na miji ya Goma na Bukavu, ng'ambo ya mpaka, imeiweka lugha hii kwenye midomo ya watu wa mwambao. Anayeendesha mwenyewe bila nafasi ya kusimama amebeba mzigo wote wa dereva na kuiacha faida yake barabarani.

Kuhusu gharama, usiku wa ziada ni pesa, na hoteli za ufukweni Rubavu zinajua kujithamini. Lakini mwambao huu una nyumba za wageni za makanisa, safi na tulivu, ambazo bei yake hailingani kabisa na zile hoteli kubwa, na kukata kilomita 200 za kusini kunarudisha sehemu ya fedha kwenye tangi la mafuta. Afadhali usiku 3 katika chumba cha kawaida chenye dirisha la ziwa kuliko usiku 2 katika hoteli ya fahari unayoingia gizani na kutoka alfajiri.

Usalama unataka maneno ya wazi. Rubavu inapakana na Goma mtaa kwa mtaa. Januari 2025, waasi wa M23 walipoiteka Goma, makombora yalivuka mpaka na kuua watu upande wa Rubavu, na mwezi uliofuata Bukavu, ng'ambo ya Rusizi, nayo ikachukuliwa. Mpango wa safari usijifanye haujui hayo. Anayepanga asikilize habari za wiki ile, aulize hoteli yenyewe kwa simu, na awe na njia mbadala, ambayo ipo: kwenda Karongi moja kwa moja kupitia Muhanga na kurudi njia hiyo hiyo, bila kugusa mji wa mpakani. Hapa tena mpango wa vituo unaushinda mpango wa kilomita. Mwenye vituo anaweza kutoa kimoja na kuongeza usiku kwenye kingine. Mwenye mzunguko akikatiwa kipande kimoja safari yote imevunjika. Kwa kuogelea, Kivu haina mamba wala viboko, lakini karibu na volkano kuna mashimo na mabonde madogo inamotulia kaboni dioksidi, yale ambayo wenyeji wanayaita mazuku, na gesi hiyo huua bila harufu. Watoto waogelee pale wenyeji wanapoogelea.

Mvua nayo haina mzaha milimani. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua iliyonyesha magharibi na kaskazini iliua watu zaidi ya 130, ikabomoa nyumba kando ya mto Sebeya huko Rubavu, na kuporomosha ardhi juu ya barabara kadhaa za Rutsiro, Karongi, Ngororero na Nyabihu. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo miezi ya kuepuka. Vuli ya kuanzia Septemba hadi Desemba ni afadhali kidogo. Juni hadi Agosti ni kavu, ingawa vumbi na moshi wa mashamba huweka ukungu juu ya ziwa, na Januari hadi Februari kuna mwanya mfupi ambao mandhari huwa safi zaidi baada ya mvua. Atakayelazimika kusafiri Aprili mwishoni au Mei aweke siku moja tupu mwishoni mwa safari, isiyo na hoteli iliyolipiwa wala kazi inayomsubiri, kwa ajili ya barabara itakayofungwa.

Imebaki kalenda ya Kigali yenyewe, ambayo wageni huisahau. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kuanzia saa 2 hadi saa 5 asubuhi, wakati watu wako kwenye kazi za pamoja, maduka yamefungwa na magari yamepungua njiani; safari ikiangukia wikendi hiyo, ondoka Ijumaa, au ungojee saa 5 ipite. Jumapili mbili za kila mwezi baadhi ya barabara za jiji hufungwa asubuhi kwa watembea kwa miguu na wanamichezo, na anayevuka mji kutoka Busanza kwenda Nyabugogo lazima ajue ni zipi. Kurudi nako ni Jumapili kwa karibu kila mtu, na daraja la Nyabarongo jioni hujaa magari yote yaliyotoka Muhanga, Huye na Karongi. Aliyekunywa chai Karongi saa 1 asubuhi akaondoka saa 2 atapita darajani kabla ya msongamano, ataosha gari, na atalirudisha Kanombe mchana bila kulipa siku ya ziada.